Maisha ya Tom Blake, Aliyeutoboa Ubao

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kupewa maisha ya maaskofu, wafalme na majemadari. Mimi leo naomba ruhusa niwasimulieni habari za mtu asiyekuwa na cheo chochote, wala hakupata kuiona Afrika yetu ya Mashariki. Jina lake ni Tom Blake, Mmarekani, na hao wanaopenda mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari wanamjua kama sisi tunavyowajua wakimbiaji wetu. Alifariki dunia mwaka 1994, yaani kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kazi aliyoifanya ni ndogo kuisema: aliutoa moyo wa ubao, akaufanya mwepesi.

Najua baadhi yenu mtauliza, bahari na Namatala wapi na wapi? Sisi hapa Mbale tuko mbali sana na pwani, na maji yetu makubwa ni mto unaoshuka kutoka mlimani, ukapita kando ya nyumba zetu, ukaingia katika mashamba ya mpunga, ukapotelea kwenye mafunjo kuelekea Mpologoma. Lakini kutoboa mti ili uwe mwepesi ni kazi tunayoifahamu tangu babu zetu. Kila mwaka wa shufwa, wakati wa imbalu, tunaona wapiga ngoma za kadodi wakitembea na kucheza kutwa nzima, ngoma zimening'inia mabegani. Kama mchongaji hakuukomba mti vizuri hata ukabaki ganda jembamba, mpigaji huyo hafiki kijiji cha pili. Na huko Mpologoma wavuvi wana mitumbwi ya mti mmoja, iliyochongwa kwa tezo. Basi msiniambie habari hii ni ya ugeni.

Habari za Bwana Blake nilizipata katika kitabu chakavu cha michezo, kisichokuwa na jalada. Nilikisoma wakati shule zote za Uganda zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kuanzia Machi 2020. Mimi nilikuwa na miaka 14. Nilikaa kwa mjomba wangu, fundi seremala, hapa hapa Namatala, nikimshikia mbao na kufagia randa zake. Shule zilifunguliwa kabisa Januari 1922 – la, samahani, 2022; mkono wangu umezoea miaka ya Bwana Blake. Karibu miaka miwili! Katika darasa letu la zamani wako wenzetu ambao hawakurudi tena. Mmoja anaendesha bodaboda, wengine wameolewa, wengine sijui waliko. Kwa hiyo niliposoma ukurasa wa kwanza wa maisha ya mtu huyu, nilishtuka, kama mtakavyoona.

Tom Blake alizaliwa tarehe 8 Machi 1902 katika mji wa Milwaukee, jimbo la Wisconsin, nchi ya baridi kali yenye maziwa makubwa na misitu. Hata mwaka mmoja hakuwa ameutimiza mama yake alipofariki kwa kifua kikuu. Baba yake hakuweza kumlea, hivyo mtoto akalelewa na jamaa, leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Kisha mwaka 1918 homa kuu ya mafua ikaenea duniani, na shule aliyosoma ikafungwa. Tom hakurudi shuleni tena. Aliondoka akatangatanga, akifanya vibarua vya kila namna, bila kujua anatafuta nini.

Mwaka 1920 alikuwa katika mji wa Detroit. Siku moja aliingia jumba la sinema, na humo akamwona mtu mrefu, mweusi wa nywele, mwenye mabega mapana. Alikuwa Duke Kahanamoku wa Hawaii, mwogeleaji aliyekwisha pata nishani ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1912, na ambaye mwaka huo huo wa 1920 alishinda tena huko Antwerp. Alikuwa njiani kurudi kwao. Tom akamwendea, akamwomba ampe mkono. Yule bwana mkubwa akampa mkono wake kwa ukunjufu. Ni hayo tu. Hakumpa fedha wala kazi, lakini Blake alisema baadaye kwamba aliuona mkono ule kama mwaliko. Mimi sijui kama mkono wa mtu unaweza kugeuza maisha ya mwingine kwa namna hiyo. Lakini kijana asiye na mama, asiye na shule, asiye na kwao, huenda hata salamu ikamtosha.

Mwaka uliofuata alikwenda California, pwani ya magharibi, akajifunza kuogelea kwa bidii. Hakuwa na mwalimu wa maana. Hata hivyo mwaka 1922 alisafiri hadi Philadelphia, akashinda mashindano ya taifa ya kuogelea maili 10. Akapata kazi ya kuwalinda waogaji huko Santa Monica, yaani kukaa ufukoni na kuwatoa watu wanaozidiwa na maji. Kazi hiyo aliifanya mara kwa mara kwa muda mrefu wa maisha yake, na nawaombeni muikumbuke, maana nitairudia.

Mwaka 1924 akavuka bahari kwenda Hawaii, nchi ya Duke. Visiwa hivyo vimo katikati ya bahari ya Pasifiki, na wenyeji wake walikuwa wakisimama juu ya mbao na kuyapanda mawimbi tangu karne nyingi kabla Wazungu hawajafika. Mchezo huo ulikuwa wa kila mtu, wanaume kwa wanawake, lakini mbao hazikuwa sawa. Watu walitumia ubao mfupi uitwao alaia. Machifu walikuwa na ubao mrefu na mnene uitwao olo, wa futi 14, 16 na hata zaidi. Baadaye wageni walipoingia, magonjwa yakawaua wenyeji wengi mno, na wamisionari hawakuupenda mchezo ule. Ukafifia karibu kufa. (Wakuu wa shule wanisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa.) Mbao za machifu zikabaki chache, zimening'inizwa katika jumba la makumbusho la Bishop mjini Honolulu. Mbili kati ya hizo zilikuwa za chifu Abner Paki, aliyefariki mwaka 1855. Zilikuwa na uzito wa ratli kama 150. Watu waliokwenda kuzitazama walishangaa tu, kama sisi tunavyoshangaa mkuki mkubwa wa shujaa wa kale, kisha wakaenda zao.

Blake hakwenda zake. Mwaka 1926 aliomba ruhusa ya kuzisafisha mbao zile na kuzirudishia mafuta yake. Alipokuwa akizisugua alijiuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza: je, machifu walijua jambo ambalo sisi tumelisahau? Maana vijana wa Waikiki siku zile walitumia mbao fupi nzito, na walidhani ule urefu wa olo ulikuwa ni fahari tu ya watawala. Yeye alidhani kwamba urefu unaleta mwendo. Lakini ubao mrefu namna ile, nani ataubeba kila siku hadi majini?

Hapo ndipo alipofanya jambo lake. Alichukua ubao mnene wa mti mwekundu wa California, akaupiga keekee mamia ya matundu kutoka upande wa juu hata wa chini, mpaka ukawa kama sega la nyuki. Kisha akauacha ukauke muda wa mwezi mmoja. Ulipokauka akaufunika juu na chini kwa mbao nyembamba sana, akaziba kila tundu, akaulainisha na kuupaka vanishi. Ulipokwisha ulikuwa na urefu wa futi 15, upana wa inchi 19 na unene wa inchi 4, na uzito wake ulikuwa ratli kama 120. Kwa nje ulikuwa olo wa Paki mwenyewe; kwa ndani umejaa hewa.

Alipouleta ubao wa namna hii katika shindano huko California, mbele ya umati mkubwa, watu waliuona kuwa ni kitu cha kipuuzi. Alikuwa peke yake kuusukuma majini, akachelewa kuondoka, wenzake wakamtangulia yadi 30, na watazamaji wengi wakamcheka waziwazi. Baada ya dakika chache kicheko kikakoma. Mwendo wote ulikuwa yadi 880, na yeye alimaliza akiwa amewaacha wenzake yadi 100 nyuma. Mwaka 1928 alikuwa mshindi pia wa mashindano ya kwanza ya Pwani ya Pasifiki, huko Corona del Mar.

Sasa tuseme kidogo habari ya hesabu, kwa ajili ya wale wa kidato cha chini wanaodhani kwamba sheria ya Archimedes iliwekwa ili kutuadhibu. Kitu kinachoelea kinasukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Futi moja ya maji, urefu, upana na kina, ina uzito wa ratli 62 hivi. Ubao wa ukubwa huo wenye ratli 31 utazama nusu, na utaweza kubeba ratli 31 nyingine kabla haujafunikwa na maji. Ukiupunguza uzito ukawa ratli 21 bila kuupunguza ukubwa, utabeba 41. Tena ubao unaokaa juu ya maji haukokoti maji mengi, kwa hiyo nguvu ya mikono inakwenda mbele badala ya kupotea. Na ubao mrefu hupita majini kwa wepesi kuliko mfupi, kama mtumbwi mrefu unavyoupita mfupi. Blake hakumaliza sekondari, lakini mambo haya aliyaona kwa mikono.

Mwishoni mwa mwaka 1929 alitengeneza ubao mwingine wenye uwazi ndani, mwembamba, uliochongoka, hata watu wakauita sigara. Tarehe 1 Januari 1930 akaingia nao katika mashindano ya kupiga makasia kwa mikono kwenye mfereji wa Ala Wai, Honolulu. Yadi 100, zilizokuwa zikichukua sekunde 36, alizimaliza kwa sekunde 31 na kitu. Nusu maili, iliyokuwa ikichukua dakika 7, aliimaliza chini ya dakika 5. Fikirini, wakimbiaji wetu, kupunguza dakika mbili katika saba kwa siku moja!

Ugomvi ukazuka. Wenyeji wengi walinung'unika kwamba huo haukuwa tena ubao, bali mashua. Kwamba kijana kutoka bara amewashinda kwa hila ya seremala na si kwa kifua chake. Katika klabu yetu ya majadiliano tulilitoa jambo hili muhula uliopita, na upande uliosema Blake hakustahili kushinda ulishinda kwa kura saba. Mimi nilikuwa upande ulioshindwa na bado sijakubali. Hakuna sheria iliyosema ndani ya ubao kuwe na nini. Ubao aliutengeneza mwenyewe, na kila mmoja angeweza kutengeneza wake. Na kwa kweli muda si muda karibu wote walifanya hivyo. Lakini nakiri kwamba mpinzani wangu aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu vizuri: kama mchezo ni wa watu wa Hawaii, na ubao ulioigwa ni wa chifu wao, mbona sifa na hati zikaenda kwa mgeni? Maana mwaka 1932 serikali ya Marekani ilimpa Blake hati ya kulinda uvumbuzi wake. Katika hati hiyo ubao uliitwa kigari cha majini. Blake mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1935 juu ya mbao za Hawaii, aliandika kwa heshima kubwa habari za machifu na za Duke, wala hakujifanya kuwa ndiye aliyeanzisha mchezo. Hilo linampunguzia lawama, haliiondoi yote.

Uvumbuzi uliomo katika hati ile haukuwa tena wa matundu ya keekee. Alikuwa ameiacha njia hiyo. Badala yake alitengeneza kiunzi: uti mmoja wa katikati, mbavu za kupita, na pande mbili, halafu akakifunika chote kwa mbao nyembamba zilizopigwa gundi na skrubu. Ni kama mashua au bawa la ndege, si kama mti uliotobolewa. Ubao mrefu ambao zamani ungekuwa na ratli 100 na zaidi sasa ukawa na ratli 60 au 70.

Kwa nini aliacha matundu? Kitabu changu hakikueleza, nami nilitaka kujua, basi nikafanya majaribio. Mjomba alinipa kipande cha msonobari, urefu wa futi 6, upana inchi 12, unene inchi 2. Nilikipeleka kwa mwenye duka la nafaka, tukakipima kwenye mizani: kilo 14. Nikapiga matundu 240 ya upana wa inchi moja. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu, na malengelenge yakanitoka viganjani. Nikapima tena: kilo 11. Nilifurahi sana. Kisha nikakifunika juu na chini kwa plaiwudi nyembamba, nikapaka gundi, nikapiga misumari midogo. Nikapima mara ya tatu: kilo 13! Mwenye duka alicheka hata akakaa chini. Siku tatu kwa kilo moja.

Mjomba hakucheka. Alinieleza kwamba kifuniko ni kifuniko, kiwe cha ubao mnene au mwembamba. Uzito wake ni ule ule. Ubao wa Blake ulikuwa wa inchi 4, hivyo alitoa mti mwingi kwa kifuniko kile kile, lakini wangu wa inchi 2 haukuwa na nyama ya kutosha ya kutoa. Na hata katika ubao mnene, kati ya tundu na tundu unabaki mti mwingi usiofanya kazi yoyote. Mti unaofanya kazi ni ule wa juu na ule wa chini, na mbavu chache za kuzuia visikutane. Fundi anayejua hilo hapigi matundu, anajenga kiunzi. Kwa maneno yake hayo nikaelewa nusu ya maisha ya Tom Blake.

Nusu ya pili ya majaribio yangu nayo ilinifundisha. Tuliutia ubao wangu katika bwawa la samaki la jirani. Mapovu yakaanza kutoka pembeni mara moja, na baada ya saa moja ulikuwa mzito kuliko gogo. Kumbe hata mbao za Blake zilivuja. Jua huzipasua, gundi ya siku zile ililegea, na maji yakiingia humo ndani yanacheza huku na huku na kumwangusha mpandaji. Kwa hiyo alitia kizibo mwishoni, ili mtu akitoka majini aufungue ubao, ausimamishe na kuyamwaga maji. Napenda jambo hili. Hakuficha ila ya kazi yake.

Mwaka 1932, yeye na wenzake wawili walivuka kwa mikono kutoka pwani ya California hadi kisiwa cha Catalina, mwendo wa zaidi ya maili 20 za bahari. Blake alifika wa kwanza, kwa muda uliopungua saa sita. Mwaka 1935, akiwa Waikiki, alichukua kipande cha chuma kutoka chini ya motaboti, akakifunga chini ya mkia wa ubao wake, na kwa mara ya kwanza ubao ukafuata njia badala ya kuteleza ubavu. Leo mbao karibu zote duniani zina pezi kama hilo. Kadhalika alitengeneza sanduku lisiloingiza maji kwa ajili ya kamera yake, akawapiga picha wapandaji akiwa katikati ya mawimbi, na picha zake zikatolewa katika gazeti la National Geographic mwaka 1935. Haya nayapita upesi, ingawa kila moja lingetosha kumpa mtu jina.

Jambo ninalotaka kukawia kwalo ni la uokozi. Tarehe 14 Juni 1925 mashua iitwayo Thelma ilipinduka katika mawimbi makali karibu na Corona del Mar. Duke Kahanamoku alikuwapo ufukoni. Alichukua ubao wake mzito, akaingia, akarudi na watu, akaingia tena, mpaka alipowatoa watu wanane. Wengine 17 walikufa. Walinzi wa pwani wakatambua kwamba ubao si mchezo tu: mtu mwenye nguvu akiogelea humwokoa mmoja kwa taabu, lakini mwenye ubao huwapa kadhaa kitu cha kushika. Ila ubao wa Duke ulimhitaji Duke. Mlinzi wa kawaida hawezi kukimbia mchangani na ratli 100 begani, akafika akiwa na pumzi. Ubao wa Blake, mwepesi na unaoelea juu sana, ndio uliokuja kuwekwa katika vituo vya walinzi kwa miaka mingi, Marekani na hata Australia. Kwa kuzama mtu hahitaji kubebwa mzima. Kichwa chake kikipata ratli chache tu za kukiinua, anapumua.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha mlimani. Mto Nabuyonga na mto Namatala ikafurika. Asubuhi maji yalikuwa yamebeba nyumba, magari na watu. Zaidi ya watu 20 walikufa katika mji wetu na kandokando yake. Mimi nilikuwa na miaka 16. Nilisimama na mjomba juu ya kichuguu kidogo, tukamwona mtu ng'ambo ya pili ameshika mti. Baina yetu na yeye hayakuwepo maji mapana. Labda yadi 40. Karakana ya mjomba ilikuwa imejaa mbao, lakini zote zilikuwa za mvule mbichi, nzito kama mawe, na hapakuwa na kamba ndefu. Watu wengine walimfikia kwa upande wa juu, wakamtoa akiwa hai, namshukuru Mungu. Lakini ile nusu saa sijaisahau. Ndiyo iliyonirudisha kwenye kitabu kile kisicho na jalada, nikasoma upya habari ambazo mwanzoni nilizisoma kama hadithi ya michezo tu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Blake alitumika katika ulinzi wa pwani ya nchi yake. Vita vilipokwisha, mbao zake zilikuwa zimekwisha pitwa. Tangu mwaka 1937 vijana wa Honolulu walikuwa wameona kwamba ubao mpana huteleza vibaya kwenye wimbi lililo wima, wakaanza kuchonga mbao zao namna nyingine. Halafu ukaja mti wa balsa, mwepesi wenyewe bila kutobolewa, uliofunikwa kwa nyuzi za kioo na utomvu. Na katika miaka ya 1950 likaja povu gumu la viwandani, ambalo ndilo linalotumika mpaka leo. Watu husema povu liliumaliza uvumbuzi wa Blake. Mimi naona vinginevyo: povu ni nini kama si matundu, madogo kuliko keekee yoyote inavyoweza kutoboa? Wale vijana wa mitumbwi midogo ya plastiki wanaocheza katika maji ya Naili kule Jinja nao wamekalia hewa iliyofungiwa.

Utajiri hakuupata. Viwanda kadhaa vilitengeneza mbao zake, na mwaka 1937 gazeti la mafundi lilitoa michoro ili kila mtu ajitengenezee nyumbani. Vijana wengi walifanya hivyo bila kumlipa chochote, wala sijasoma kwamba aliwasumbua. Alioa mara moja, mwaka 1925, na ndoa hiyo haikudumu. Hakula nyama. Alikaa kwenye mashua, kwenye vibanda, mwishowe kwenye gari, akihama kufuata jua. Alikuwa mpole na msemaji mchache. Uzeeni aliandika kwamba Mungu na maumbile ya dunia ni kitu kimoja, na maneno hayo aliyachonga juu ya mwamba huko kwao. Mwalimu wetu wa dini alipoyasikia alitikisa kichwa, nami pia siyafuati. Lakini mtu aliyelelewa na jamaa na maji, sijui ningemtaka aseme nini.

Alirudi Wisconsin, nchi ya baridi aliyoiacha akiwa kijana, na huko akafa tarehe 5 Mei 1994, akiwa na miaka 92.

Ubao wangu wa kwanza, ule wa matundu, sasa ni rafu ya rangi katika karakana. Wa pili tuliuanza likizo ya Agosti kwa kiunzi: uti mmoja, mbavu saba, plaiwudi ya unene mdogo, urefu futi 9. Mjomba ameniamuru nitie kizibo pande zote mbili. Juzi tulipeleka mizani karakana badala ya kupeleka ubao dukani, maana haungepita mlangoni. Una kilo 12, na bado vanishi. Likizo ijayo tutaujaribu kwenye bwawa, maji yakiwa yametulia, kamba ya yadi 50 ikiwa imefungwa kiunoni mwangu na ncha yake mikononi mwa mjomba, ambaye yeye mwenyewe hajui kuogelea.